Siku umeme ulipokatika mbao ikiwa nusu

Hii ilikuwa mwishoni mwa 2023, watu wa Dar mnaukumbuka ule mgao, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, umeme unakatika saa ngapi unarudi saa ngapi Mungu ndo anajua. Mi ni fundi cherehani na nilikuwa nataka meza ndefu ya kukatia vitambaa, niweze kutandika mita 3 bila kukunja, bei walizonitajia Keko nikaona hapana, shemeji si ana karakana yake nyuma ya nyumba kule Chanika, banda la mabati tu lakini vifaa anavyo, ngoja ninunue mbao tutengeneze wenyewe.

Shem sio fundi, ni mtu wa ofisini anayependa vifaa. Msumeno wake ni ule wa umeme wa kushika mkononi, bledi ya duara ya inchi 7 na robo, sasa yeye kaupindua kaufunga chini ya meza ya plaiwudi bledi ikatokeza juu, apate meza ya kupasulia kwa bei ya chee. Mtaani wengi wanafanya hivo. Ila ule msumeno unawaka pale tu unapobana kitufe cha kwenye mpini, na mpini ndo uko chini ya meza, basi shem akakifunga kitufe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kikae kimebanwa muda wote, kuwasha na kuzima anatumia swichi ya ukutani. Na kile kifuniko cha bledi nacho alishakitoa.

Dada, ambaye hamwamini mume wake hata na nyundo, alikuwa kamuita mzee mmoja jirani, fundi mstaafu, kapasua mbao miaka na miaka na vidole vyake vyote kumi vipo (nilivihesabu, watu wa mbao mtaelewa kwa nini). Mzee kafika, hata hakuuangalia msumeno, kaniangalia mimi. Nimevaa dera. "Mwanangu, hilo dera na hii mashine havikai nyumba moja, kavae suruali, na bangili ziache ndani." Nikaenda kuvaa suruali ya dada. Kurudi nikamkuta yuko na shem, ambaye alikuwa kajipanga kwelikweli, glavu mpya za ngozi, anaambiwa avue. Shem akabisha, si ndo usalama wenyewe huu mzee wangu? Akajibiwa glavu ni za kubebea mbao, kwenye bledi jino likinasa glavu linavuta mkono wote. Miwani vaa, barakoa vaa, glavu weka pale.

Mbao zilikuwa msonobari wa Mufindi, bado na umaji wake, ukizishika unasikia baridi. Mzee akashusha bledi mpaka yakawa yanatokeza meno tu juu ya unene wa mbao, akachonga vijiti vya kusukumia ili mkono usifike karibu na bledi, alafu akachonga na kabari. Hii ya kabari sikuielewa mpaka alipoanza kazi. Kumbe mbao mbichi ukiipasua kwa urefu ule mpasuo unajifunga nyuma ya bledi, ukiibana, meno ya nyuma yanaikamata mbao yanairusha kumfuata yule anayesukuma. Kwa hiyo mbao ikishaingia kiasi anazima, anasubiri bledi isimame kabisa, anachomeka kabari kwenye mpasuo ubaki wazi, anairudisha mbao nyuma kidogo meno yasiguse, ndo anawasha. Na muda wote kasimama pembeni, hakai usawa wa bledi hata kidogo.

Tuko katikati ya ubao mrefu kuliko wote, msumeno ukalia kwa unyonge, kimya. Umekata. Shem akasema "aah, washaanza hawa", akainama kuishika mbao pale pale kwenye bledi aichomoe, na ukimuangalia unaona yuko sawa tu, mashine si imezima.

"Toa mkono!"

Yani sikujua mzee mpole namna ile ana sauti kama ile. Kuku walikimbia. Akaenda ukutani akachomoa plagi, waya wote akauvuta akaukunja mapajani, akakaa juu ya ndoo na plagi mkononi, akaomba chai. Shem kanuna, nyumba yake, msumeno wake, na kafokewa mbele ya shemeji yake.

Chai haijapoa, tukasikia friji linanguruma ndani, redio ya jirani, watoto "umeruudiii". Msumeno kimya, plagi iko kwa mzee. Akainuka, akaitoa ile mbao taratibu, akafuta meza, akatusogeza wote hadi mlangoni, alafu akachomeka plagi. Swichi ya ukutani ilikuwa bado iko on. Ule msumeno uliunguruma meza tupu hakuna aliyegusa kitu chochote. Shem hakusema neno, akawa anaikunjakunja mikono yake tu.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu, bledi ya saizi ile ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, jino linapita karibu mita 48 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya kilomita 170 kwa saa, basi la Mbeya halioni ndani.

Tukaendelea, ila mzee akanipa kazi ya swichi: nisishike mbao, nisipige stori, nimuangalie yeye mdomo tu, akisema zima nazima, umeme ukikatika nachomoa plagi kwanza maswali baadaye. Ulikatika tena jioni na nikachomoa. Wiki iliyofuata shem akaenda Kariakoo akaleta swichi ya sumaku, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu, hiyo umeme ukikatika inajiachia na ukirudi haiwaki mpaka mtu abonyeze tena. Bei yake aliilalamikia mpaka dada akamwambia anyamaze.

Mzee tulipotaka kumpa hela alikataa, akasema yeye ana suruali zake mbili zimempwaya kiunoni tangu aumwe. Nikazibana.