Kanda za mjomba

Jumamosi nilikuwa Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Ngoma za watemi zipo, vifaa vya Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyo wapinzani wa tangu enzi na enzi, vipo. Mungu ambariki Padri David Clement aliyeianza kazi ile miaka ya 1950.

Lakini sauti je? Mjomba ametuachia boksi la kaseti za bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kilimo. Utepe umeanza kunata kwa unyevu, na moja imeandikwa “Bulabo” tu, yaani ile sikukuu ya mashindano ya ngoma, haina mwaka wala jina la manju! Mkewe akisikiliza anawatambua waimbaji kwa kikohozi tu, kwa hiyo namrekodi akiwataja mmoja mmoja. Jamani, kanda msitupe, wazee wangalipo. Mwenye redio kaseti nzima hapa Mwanza anishtue.