Siku Niliyoshangilia Mawe ya Wakanada

Ijumaa ya tarehe 24 Februari 2006 sikuwa na zamu ya jioni. Kazi yangu Helsinki wakati ule ilikuwa kufagia na kupiga deki maofisini, na jirani yangu wa mlango wa pili, mzee mmoja mstaafu, alilijua hilo vizuri. Mchana tukakutana kwenye ngazi. Akaniambia kwa kile Kifini cha polepole alichokiweka kwa ajili yangu na watoto wadogo: "Jioni njoo kwangu. Wenzako wa mafagio wana fainali."

Nikadhani ananitania. Kumbe kweli: kule Pinerolo, karibu na Torino, Ufini ilikuwa inacheza na Kanada fainali ya kalingi ya Olimpiki. Mchezo wenyewe nilikuwa nimeuona mara mbili tatu na kila mara niliucheka. Mmoja anasukuma jiwe juu ya barafu, wenzake wawili wanalitangulia wakifagia mbiombio kama watu waliosikia wakwe wameshafika getini.

Nilimkuta ameandaa kahawa na ile mikate yao ya iliki, ambayo harufu yake ndiyo kitu cha kwanza kilichonikumbusha Tanga katika nchi ile. Somo likaanza kabla ya mechi. Jiwe ni la granaiti, karibu kilo 20. Fagio haliondoi uchafu, linasugua barafu ipate joto kidogo ili jiwe lifike mbali zaidi na lisipinde sana. Kila timu ina mawe manane kwa awamu, na awamu ni kumi. Yakiisha yote, anahesabiwa yule tu mwenye jiwe lililo karibu zaidi na katikati ya duara. Mwingine hapati kitu, hata kama jiwe lake limezidiwa kwa unene wa kidole. Mawe mekundu na ya manjano. Hapo kwenye rangi sikusikiliza, nilikuwa nafikia mkate wa tatu.

Kisha akaja kwa nahodha. Markku Uusipaavalniemi, ambaye wenyewe walimwita M-15. Mzee akanyoosha vidole tukahesabu pamoja herufi za jina la ukoo, moja moja, hadi vidole vikaisha tukaanza upya: kumi na tano. Alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 2000, na shaba mbili za dunia, ya 1998 na ya 2000. Nusu fainali aliwatoa Waingereza 4-3. Mzee alimsimulia kama wazee wa kwetu wanavyomsimulia winga waliyemwona akicheza chandimu kabla hajavaa viatu.

Mpaka awamu ya tano tulikuwa tumeachwa kidogo tu. Mzee alinong'ona badala ya kusema, kana kwamba jiwe lingemsikia.

Awamu ya sita, kamera ikaonyesha duara kutoka juu. Mawe ya rangi moja yamejaa pale, moja, mawili, matatu, mengine yanaongezeka. Mimi nikaruka kutoka kwenye kochi nikapiga makofi: "Tumejaza! Mzee, tumejaza!"

Hakunijibu. Alikuwa ameshika kikombe, hanywi. Nikakaa chini taratibu.

Kanada walichukua pointi sita kwa mpigo katika awamu ile. Kuna mechi zinazoisha kabla ya kuisha, na hii ilikuwa mojawapo. Kwenye kalingi mtu akiona haiwezekani tena anavua glavu na kutoa mkono. Wafini wakafanya hivyo hata awamu kumi hazijatimia. 10-4. Nahodha wa Kanada, kijana mdogo tu, akachukua simu palepale akampigia mama yake nyumbani.

"Fedha," mzee akasema hatimaye. Ndiyo medali ya kwanza ya Ufini kwenye kalingi ya Olimpiki. Akaenda kuosha vikombe. Nilitaka kumsaidia, akanionyesha mlango kwa kichwa, bila ubaya.

Siku hiyohiyo timu yao ya hoki ya barafu iliwachapa Warusi 4-0, kwa hiyo Jumapili kukawa na fainali nyingine, na Uswidi. Nikagonga. Mzee akafungua nusu, akasimama katikati ya mlango.

"Jezi zetu ni rangi gani?"

Nikamtajia. Akanitazama kidogo, kisha akasogea nipite.

Tukafungwa 3-2.