Siku moja na semi langu, maski usoni, Chalinze hadi Mafinga

Saa 10 alfajiri, Chalinze. Alamu inalia naamka mwenyewe, na hiyo kwangu ni habari kubwa maana mwaka jana muda kama huu utingo alikuwa ananitikisa kama anaangua maembe, naamka kichwa kinagonga, koo kavu, usiku nimeshashuka kukojoa mara nne, na masaa nane ya kulala yote hayajanisaidia kitu, mwili kama nimebeba saruji usiku kucha. Navua maski nazima mashine yangu ya kunisaidia kupumua usingizini. Dereva mwenzangu tunayeongozana naye mpaka Tunduma anapita dirishani anacheka, "vipi rubani, umetua salama?" Huyo ana kitambi kunizidi na shingo kama gunia, namwacha acheke.

Saa 11 tunaondoka na mbolea ya kwenda Zambia. Mizani ya Mikese foleni, twende mbele.

Saa 1 asubuhi Morogoro, chai ya rangi na chapati mbili. Zamani zilikuwa nne na supu juu, siku hizi daktari kanibana na uzito, ingawa nyumbani ukipungua wanauliza kama kazi imeharibika.

Saa 3 naingia hifadhi ya Mikumi na hapa kila nikipita tumbo linanicheza. Kama kilomita 50 barabara inakatiza porini, imenyooka, mwendo mwisho 70, ukigonga mnyama faini. Mwaka jana hapa hapa, saa 8 mchana, nasikia utingo anapiga yowe "suka! suka!", kuangalia tairi za kushoto ziko kwenye changarawe, na ningekuapia msahafu kwamba sijafumba macho. Sekunde nne tu labda. Ila kwa 70 gari inakula mita kama 19 kila sekunde, piga hesabu, karibu mita 80 semi lina mzigo na halina dereva.

Mama watoto alishaniambia siku nyingi, unakoroma weee halafu kimya, halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa kwenye maji. Mi nilijua kukoroma ni usingizi umenoga. Mama mkubwa akasema jinamizi, kuna mtu ana kijicho na hilo gari, nikaenda kuombewa, nikanywa na enaji za kutosha mpaka moyo unadunda lakini macho yanashuka vilevile. Ndo nikaenda hospitali Dar, nikalala nimefungwa mkanda kifuani, mpira puani na kibanio kidoleni, asubuhi majibu: pumzi inakatika mara 38 kwa saa. Daktari akasema kuanzia 5 tayari ni tatizo, ikipita 30 ni kali. Wanaita apnia ya usingizi, yani ukilala misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, ubongo unakugutusha uvute pumzi, unavuta unalala tena bila kujua kama uliamka, na hivyo hivyo mpaka kunakucha. Kwa hiyo usiku wote kumbe nilikuwa nakabwa, sema mkabaji ni koo langu mwenyewe. Mashine inasukuma hewa puani ili koo lisijifunge, basi. Bei yake sitaji, nilikula hela ya ada ya shule ikabidi mama watoto aingie vikoba.

Saa 7 mchana Ruaha Mbuyuni. Lile bonde la mibuyu joto lake unalijua, ugali umeshuka, vitunguu vinanuka kila upande, na muda huu hata mtu mzima wa afya macho yanakuwa mazito. Napaki, nalala ubavu maana chali ndo koo linajifunga zaidi. Simu. Bosi. "Mbona treka inaonyesha umesimama?" Nikamwambia nalala bosi, mbele kuna mlima Kitonga. Kimya. "Dakika ngapi?" Ishirini. "Lala kumi na tano." Nikalala ishirini.

Saa 9 Kitonga, gia nzito, kona juu ya kona, na wanaoshuka breki zinanuka mpaka ndani ya kabini. Hapo hata redio nazima. Ilula, halafu mizani ya Wenda, trafiki na tochi yao ya kupima mwendo.

Saa 2 usiku Mafinga, baridi. Fundi alinifungia inveta kwenye betri za gari niwashie mashine, mwanzoni asubuhi gari ilikuwa haiwaki, kumbe kile kisehemu cha mashine cha kupasha maji ya kulainisha hewa ndo kinakula umeme, nikakizima. Pua inakauka kidogo, afadhali hiyo kuliko kusukumana na semi alfajiri. Wengine hapa ndo wanaanza kutafuna mirungi waunganishe mpaka Tunduma, na bosi zao wanawasifia.

Saa 4 usiku. Nataka kuvaa maski nasikia yule jamaa yangu aliyenicheka asubuhi, gari la pembeni, kashaanza, kioo kaacha wazi kidogo, anakoroma bodi linatetemeka. Halafu kimya. Nikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, nikafika kumi na saba ndo akavuta pumzi kwa kishindo. Utingo wangu kainua kichwa ananiangalia. Nikamwambia lete simu yako, fungua kioo, tumrekodi, kesho kwenye chai nataka asikie mwenyewe.