Protini za Mshtuko wa Joto Hazingojei Joto

Anayekutana na protini za mshtuko wa joto kwa mara ya kwanza aghalabu huambiwa kwamba hizo ni kikosi cha dharura: seli ikizidiwa na joto, protini zake hupoteza umbo na kuanza kugandamana, ndipo jeni maalumu zinapoamshwa ili kuokoa jahazi. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, naona yanaacha nje jambo lenye uzito zaidi, nalo ni kwamba seli za mamalia zinazihitaji baadhi ya protini hizo ili zigawanyike hata katika nyuzi 37 za Selsiasi, joto la kawaida la mwili, pasipo mshtuko wowote.

Tunaweza kuelewa kwa nini upande wa joto ndio uliotangulia kujulikana. Ferruccio Ritossa, mtafiti wa Italia, aliziona dalili za kwanza katika tezi za mate za nzi wa matunda, pale kromosomu zilipovimba katika sehemu fulani baada ya joto la kabati la kukuzia kupandishwa, na akachapisha matokeo yake mwaka 1962. Protini zenyewe zilitambuliwa zaidi ya miaka kumi baadaye, na tangu hapo zimehusishwa na joto kuliko kitu kingine chochote.

Sasa tuutazame mzunguko wa seli. Katika awamu ya G1 seli hukua na kuamua kama itagawanyika. Katika S hunakili DNA yake. Katika G2 hujiandaa na kukagua nakala hizo. Na katika M huzigawa kromosomu kwa seli mbili mpya. Vinavyoisukuma seli kutoka awamu moja hadi nyingine ni vimeng'enya viitwavyo kinasi zinazotegemea saiklini, kwa kifupi CDK; saiklini ni protini zinazoungana nazo na kuziwasha. Mojawapo, CDK4, hushirikiana na saiklini D kuibandika fosfati protini ya RB, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isiingie katika S. RB ikishabandikwa fosfati za kutosha, kizuizi hicho hulegea na seli husonga mbele.

CDK4, pamoja na madaraka yote hayo, ni protini dhaifu mno. Ikiachwa peke yake hupoteza umbo na kuvunjwavunjwa, kwa hiyo HSP90, mojawapo ya protini za mshtuko wa joto zilizo nyingi sana ndani ya seli, hulazimika kuishikilia kwa msaada wa protini nyingine iitwayo Cdc37. Mwaka 2016 watafiti walichapisha umbo la muungano huo, lililopatikana kwa hadubini ya elektroni baada ya sampuli kugandishwa kwa baridi kali, nami sijachoka kulitazama. Molekuli mbili za HSP90 zimekumbatiana na kuacha tundu katikati. CDK4 imetenganishwa sehemu zake mbili kuu, moja ikiwa upande huu na nyingine upande wa pili, na kinachoziunganisha ni uzi mwembamba wa asidi amino uliopenya katika tundu hilo. Kimeng'enya kinachoamua kama seli itagawanyika kinaonekana hapo kikiwa kimefumuliwa kwa sehemu, mikononi mwa mlezi wake. Tena Cdc37 yenyewe iligunduliwa kwanza katika hamira, miongoni mwa jeni ambazo zikiharibika seli hushindwa kuanza mgawanyiko, na baadaye sana ndipo ilipobainika kuwa ni mshirika wa HSP90.

Geldanamisini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa jamii ya Streptomyces, huziba mfuko ambamo HSP90 hupokea ATP, molekuli inayoipa nishati. Ulezi ukikatika, CDK4 hupungua na seli nyingi hukwama katika G1. Seli za saratani zilizopoteza RB, kwa kuwa hazina tena kizuizi hicho, huvuka G1 na kuja kukwama katika M. Dawa ni ile ile. Mahali pa kukwama panategemea seli ina nini ndani yake.

Kwa panya ushahidi uko wazi zaidi. Seli zinazotengeneza mbegu za kiume huzalisha aina yake ya HSP70, kundi jingine la protini za mshtuko wa joto, iitwayo HSP70-2, bila kupashwa joto. Jeni hiyo ikiondolewa, CDK1 haiungani ipasavyo na saiklini B1, seli hizo hushindwa kukamilisha mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi, yaani mgawanyiko unaozalisha seli za uzazi, na kufa, na dume huwa tasa. Jike huzaa kama kawaida.

Joto halisi linapokuja, nalo haliziathiri seli zote sawasawa. Ukitazama chombo chenye seli zinazokua, utaona nyingi zimejitandaza sakafuni, na chache, zile zilizo katika M, zimejiviringa na kushikilia kidogo tu, kiasi kwamba ukikitikisa chombo zinabanduka. Hizo chache ziko hatarini, kwa sababu kromosomu zake zimefungamana sana, jeni nyingi zimenyamaza, na uwezo wa kutengeneza protini mpya za ulinzi umepungua. Seli za awamu ya S nazo hudhurika upesi. Jambo hilo lilipimwa katika seli za hamsta wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970, na lina manufaa tibabu, kwa kuwa seli zilizo mwishoni mwa S ndizo zinazostahimili zaidi eksirei. Ndiyo maana baadhi ya uvimbe wa saratani hupashwa joto la nyuzi 40 hadi 44 sambamba na mionzi. Ila seli zinazonusurika hujaa protini za mshtuko wa joto na kwa muda huwa ngumu kuuawa na joto tena, kwa hiyo vipindi vya kupasha joto hupangwa kwa kuachana siku kadhaa, hadi ustahimilivu huo upungue.