Mpira wa Filta ya Zamani

Tabora, Jumapili usiku

Leo nimebadilisha oili ya gari letu kwa mikono yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, uani, chini ya mwembe, binti yangu mkubwa akinimulikia kwa tochi ya simu. Ni Toyota Spacio yenye injini ya lita 1.5, ile inayoitwa 1NZ, ambayo tuliinunua kwa mtu hapa hapa mjini miezi mitano iliyopita, na tangu hapo ndiyo inayowapeleka watoto shule, kumpeleka mama mkwe Kitete siku zake za kliniki na kutuletea mahindi kutoka Sikonge.

Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna stika ndogo ya Kijapani ambayo nilikuwa nikiipita kila siku bila kuijali. Wiki iliyopita nimeelewa kwamba ni kumbukumbu ya sevisi: tarehe ya kubadilisha oili na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Mwaka umeandikwa 27, maana yake mwaka wa 27 wa enzi ya Heisei, yaani 2015, na kilomita ni 68,412. Tulipokabidhiwa funguo, dashibodi ilikuwa imeshapita 131,000. Kilomita zaidi ya 60,000 zilizopo katikati hazina mtu aliyeziandikia hata mstari mmoja, na jambo hilo limeninyima raha wiki nzima.

Niliiwasha injini dakika chache ili oili ipate moto kidogo na kushuka vizuri, nikapandisha magurudumu ya mbele juu ya vipande vinene vya mninga vilivyobaki tulipopaua nyumba, nikavuta breki ya mkono na kuweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nati ya kumwagia oili ilifunguka kwa spana namba 14. Oili ilitoka nyeusi, kwanza kwa nguvu, kisha ikawa uzi mwembamba, halafu matone, na ilipokwisha kabisa nilipima kwenye dumu nikakuta lita mbili na kidogo tu. Injini hii, ukibadilisha na filta, huchukua lita 3.7. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Jibu nililipata nilipofungua filta. Pale inapokaa kwenye injini palikuwa na mpira mweusi, mkavu, umeganda kama ugwe, na filta niliyoishika mkononi ilikuwa na mpira wake kamili. Siku tulipolinunua gari nililipeleka gereji moja, nikakaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara mpaka nikaitwa kulipa. Aliyefunga filta mpya hakuondoa mpira wa ile ya zamani, kwa hiyo mipira miwili ikakaliana, oili ikawa inapenya taratibu, na mchanga wa uani ukawa unayanywa matone bila kuacha dalili ya kunishtua. Lawama yangu kubwa naielekeza kwangu, kwa sababu kijiti cha kupimia oili kipo, ni cha kuvuta, kufuta na kutazama, nami sikukigusa miezi mitano.

Niliubandua mpira ule kwa kucha, nikafuta mahali pake kwa kitambaa safi, nikaupaka mpira wa filta mpya oili mpya, nikaikaza kwa mkono mpaka ilipogusa, kisha robo tatu ya mzunguko, basi. Filta ya hewa nayo nimeibadilisha. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeifanya rangi ya matofali.

Jirani, mzee wetu, alikuja kuomba oili chafu apake nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa. Nilimpa, ila nilimsihi asipake zile zilizo karibu na kisima, kwa kuwa oili iliyotumika hubeba chembe za metali, na maji yale tunakunywa wote. Alikubali.

Taa ya oili ilizimika sekunde chache baada ya kuwasha. Nimetandaza boksi la karatasi chini ya injini, na binti yangu ameandika kwenye daftari jipya, kwa mwandiko wake wa darasa la tano: oili na filta, kilomita 135,870, mpira wa zamani umetolewa. Saa nne hii nimetoka tena na tochi kulitazama boksi. Bado ni kavu.