Mchungaji, nani mwenye makosa?

Hili swali naulizwa kila mara na huwa silijibu. Watu wakija kwa mchungaji na ugomvi wa ndoa wanakuja kesi imeshakamilika, mama ana meseji zote kwenye simu kama ushahidi, baba naye kaja na mjomba wake ili asionekane yuko peke yake, wote wananitazama nitoe hukumu, niombe, tuachane. Sasa nikihukumu, mmoja anarudi nyumbani kashinda na mwingine kashindwa, halafu usiku wanalala kitanda kimoja. Hapo kuna ndoa kweli?

Mimi ni mchungaji hapa Mbeya, nafanya unasihi wa familia, yaani kuwasikiliza na kuwashauri, na pia nafundisha wanafunzi wa uchungaji, na kati ya hizo kazi unasihi ndo unanichosha kuliko zote na ndo naupenda kuliko zote. Jumapili watu wamekuja kunisikia, sawa, naongea. Ila nikikaa na mtu na mke wake natakiwa ninyamaze, na kwa mchungaji kunyamaza ni kazi ngumu jamani, mstari unakujia mdomoni unataka utoke na unajua kabisa ukiutoa saa hiyo umempa mmoja fimbo ya kumchapia mwenzie. Waefeso 5 mstari wa 22 wanaume wote wanaukariri, wake watiini waume zenu, ila wa 21 unaosema tunyenyekeane, na wa 25 wa kumpenda mke kama Kristo alivyolipenda kanisa, hiyo mpaka uwafungulie Biblia.

Nitoe mfano, nimebadilisha mambo ili wahusika wasijulikane. Huku kwetu Rungwe siku hizi parachichi ni hela, wanunuzi wanakuja mpaka shambani, na kila msimu unapofika napata wageni. Mama kapalilia, kabeba samadi kichwani, kamwagilia miche kiangazi chote, malipo yanaingia kwenye simu ya baba, baba anashuka Tukuyu anarudi na nusu ya hela na maelezo mafupi. Wakaja hivyo, mama analia, baba kanuna, swali likawa lile lile, mchungaji sema nani mwenye makosa.

Nikachukua karatasi nikaanza kuchora ukoo wa mume. Tunaita jenogramu, mwanaume ni mraba, mwanamke duara, watoto wanakaa chini ya wazazi, penye ugomvi unapitisha mstari wenye meno kama msumeno. Nikawa nauliza taratibu tu, huyu baba yako alifariki lini, mashamba yakaenda kwa nani, mkabaki mnakula nini. Kumbe baba wadogo walichukua kila kitu, mama yake akatoka na watoto na mabegi, naye akiwa mdogo akajiapia kuwa hela yake hataishika mtu mwingine. Mke alikuwa ameinamia ile karatasi, kaweka kidole kwenye duara la mama mkwe, akasema, baba fulani, mbona hujawahi kuniambia hili? Miaka yote hiyo ya ndoa! Hatukumaliza siku ile, na hela iliyoliwa haikurudi, ila kuanzia pale walianza kuongea wao kwa wao badala ya kuniongelesha mimi.

Na hapo ndipo pointi yangu ilipo. Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1950 alikuwa analaza familia nzima hospitalini ili aone wanavyoishi, na akafundisha kwamba watu wawili wakizidiwa na mvutano wanamvuta wa tatu, inakuwa pembetatu. Wa tatu anaweza kuwa mtoto, mama mkwe, rafiki wa saluni, na kwetu mara nyingi ni mchungaji. Wanafunzi wangu nawaambia kila mwaka, ukivutwa ukakaa upande mmoja wale wawili hawana haja ya kuzungumza tena, watazungumza na wewe mpaka uzeeke. Kuna mmoja akaniuliza, mwalimu, sasa maombi yako wapi? Maombi yapo na naomba sana, ila sitaki yatumike kumnyamazisha mtu ambaye hajamaliza kusema.

Nawafundisha na sheria pia, wengine wanashangaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri la talaka lipite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya mahakama, kwa hiyo mchungaji lazima ajue mlango huo uko wapi. Na ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya familia. Yule baba wa parachichi nilimwambia hilo kwa upole, sio kumtisha, ajue tu kwamba samadi ile ya kichwani ina uzito hata mbele ya jaji.

Sasa kuna sehemu moja sikai katikati kabisa, nayo ni kipigo. Sheria hiyo hiyo kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na hata isingesema, mimi siwezi kumkalisha mama mwenye jicho limevimba karibu na aliyempiga nikawaambia wapeane mikono. Kwanza hospitali, kisha dawati la jinsia polisi, kikao cha suluhu kitasubiri na kitakuwepo tu kama yeye mwenyewe anataka. Baadhi ya wazee wa kanisa hawalipendi hili, wanasema natoa mambo ya kanisa nje, tumebishana mpaka chai ikapoa na sijabadilika. Swali la kwanza ni huyu mama na watoto wake usiku wa leo wanalala wapi, na kama hakuna ndugu karibu basi ni kwetu, mke wangu ameshazoea kutandika kile chumba cha wageni.