Uvimbe wa maji shingoni mwangu
Kwa miezi minne niliishi na uvimbe laini upande wa kulia wa shingo, nikiwa nimeambiwa kwamba ni kifuko cha maji cha kuzaliwa nacho, maelezo ambayo kwa mtu wa miaka 43 yalistahili kutiliwa shaka, kwa kuwa vifuko hivyo kwa kawaida hujitokeza utotoni au ujanani. Daktari wa picha aliyenipima baadaye kwa ultrasaundi alinionyesha kinyama chenye mishipa ya damu ndani ya maji yale, pamoja na vidoa vya chokaa, kisha akakuta kijivimbe kidogo kwenye tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Maji yaliyovutwa kwa sindano hayakuwa na seli za saratani (nusura nishangilie), lakini yalijaa thairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za thairoidi; kumbe uvimbe ulikuwa tezi ya limfu iliyokwisha kufikiwa na saratani ya thairoidi. Nitafanyiwa upasuaji Jumanne.